Msiuze Kiwanja cha Chanika kwa Ajili ya Digrii ya Utawala wa Afya

Najua nimepotea. Wiki mbili sijaandika kitu na wengine mmeanza kuniuliza kama nimehamia kwenye siasa. Sijahama. Nilikuwa na kesi ya familia, na leo nimeamua kuileta hapa kwa sababu naamini si ya familia yangu peke yake.

Kesi yenyewe ni hii. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, amemaliza kidato cha sita mchepuo wa ECA, yaani uchumi, biashara na uhasibu. Kafaulu vizuri tu. Amepata nafasi ya kusoma shahada ya utawala na usimamizi wa huduma za afya. Bado hajathibitisha udahili. Baba mdogo ni mstaafu, na ameamua kuuza kiwanja chake cha Chanika ili binti asome. Kiwanja hicho alikinunua kwa kiinua mgongo. Ukiacha nyumba anayoishi, ndiyo akiba yake yote duniani.

Basi tukaitwa kikao. Baba mdogo akanigeukia mimi mbele ya watu wote: "Mwanangu, wewe ndiye unayeandika magazetini, unaongea na wakubwa. Tuambie ukweli, hii digrii inalipa?"

Nikamjibu, "Baba, inaweza kulipa. Ila siyo kwa bei ya kiwanja."

Kikao kikaharibika hapo hapo. Shangazi mmoja akaniuliza, "Wewe mbona ulisomeshwa na hakuna aliyeuliza kama inalipa?" Mwingine akasema nina roho mbaya. Mdogo wangu mwenyewe aliinuka akaenda jikoni, na mpaka leo hajajibu ujumbe wangu.

Kwa hiyo leo naandika nilichoshindwa kukimalizia kule. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunitukana.

Nianze na ile ahadi. Wote mmewahi kuisikia. Mimi niliisikia kwenye maonesho ya vyuo pale Mnazi Mmoja, kwenye banda la chuo kimoja ambacho sitakitaja. Kijana mmoja nadhifu, shati jeupe, anagawa vipeperushi huku akisema: "Afya haikosi ajira. Watu wataugua kila siku." Na akaongeza chambo cha pili kwa wale waliokimbia maabara sekondari: "Huku unaingia sekta ya afya bila kupita kwenye kemia."

Jamani, hebu tuichambue hiyo sentensi. Ni kweli watu wataugua kila siku. Lakini mgonjwa hamwajiri mtu. Mgonjwa akifika zahanati anamhitaji mganga, muuguzi na dawa, na hao wakikosekana kelele zinafika bungeni. Meneja akikosekana, hakuna mgonjwa atakayeandamana. Kazi ya meneja itafanywa na muuguzi baada ya saa za kazi, vibaya au vizuri, na maisha yataendelea. Anayeajiri ni ikama na kibali, yaani nafasi iliyoandikwa kwenye karatasi za serikali na fedha ya kuilipia. Ugonjwa hauna kibali cha ajira.

Sasa tuangalie hizo karatasi. Kwenye halmashauri, bosi wa afya ni Mganga Mkuu, naye ni daktari. Anayemsaidia upande wa utawala ni Katibu wa Afya, ambaye ndiye katibu wa timu ya uendeshaji wa huduma za afya ya halmashauri. Hicho ndicho kiti hasa ambacho digrii hii inakulenga. Tanzania Bara ina halmashauri 184 na mikoa 26. Hospitali nazo zina makatibu wao wa afya, sikatai, na ofisi moja inaweza kuwa na zaidi ya mmoja. Lakini kiti cha juu kwenye halmashauri ni kimoja, na aliyekikalia akiwa na miaka 35 anaweza kukikalia mpaka astaafu. Zahanati, ambazo ndizo nyingi kuliko vituo vingine vyote, zinaongozwa na mganga au muuguzi. Huko kada hii haina hata kigoda.

Linganisha na wengine. Mhasibu ana NBAA. Mtu wa ununuzi na ugavi ana PSPTB. Muuguzi, mfamasia na daktari wana mabaraza yao ya kisheria, na ukifanya kazi yao bila usajili unakamatwa. Mtawala wa afya ana cheti cha chuo na matumaini. Hospitali binafsi ikitaka meneja inaweza kumchukua daktari mwenye MPH, mhasibu mwenye CPA, au mtoto wa mwenye hospitali. Mara ngapi mmeingia hospitali binafsi mkakuta meneja ana jina moja la ukoo na mwenye kibao cha nje? Haya.

Sasa hesabu, maana wananizoea kwa maneno. Hizi ni namba za mfano ambazo niliziandika kwenye karatasi pale nyumbani, kila mtu aweke zake.

Ada milioni 1.5 kwa mwaka, miaka mitatu ni milioni 4.5. Chakula na malazi 300,000 kwa mwezi, miezi kumi kwa mwaka, miaka mitatu ni milioni 9. Laptopu, nauli, mafunzo kwa vitendo na makorokoro mengine milioni 1.5. Jumla milioni 15. Hicho ndicho kiwanja.

Lakini kuna gharama ambayo hakuna aliyeitaja kwenye kikao. Huyu binti asiposoma hakai bure. Ana akili ya biashara, tuseme angeuza duka la mtu Kariakoo kwa 250,000 kwa mwezi. Miezi 36 ni milioni 9 ambazo hatazipata akiwa darasani. Kwa hiyo bei halisi ya digrii ni milioni 24.

Upande wa mapato, tuchukue kapata ajira serikalini kwa mshahara wa mfano wa 800,000. PSSSF wanachukua asilimia 5, ni 40,000. Bima ya afya asilimia 3, ni 24,000. Kodi inapigwa kwenye 760,000 iliyobaki baada ya mchango wa pensheni: 270,000 za kwanza hazikatwi, 250,000 zinazofuata asilimia 8, na 240,000 za juu yake asilimia 20. Jumla ya kodi 68,000. Anabaki na 668,000. Ukitoa zile 250,000 ambazo angezipata bila digrii, faida ya digrii ni 418,000 kwa mwezi.

Gawanya milioni 24 kwa 418,000. Ni miezi 57 na ushee, karibu miaka mitano. Hapo shangazi angepiga vigelegele, na mimi ningemuunga mkono. Miaka mitano ya kurudisha mtaji kwa kazi utakayoifanya zaidi ya miaka thelathini si hasara hata kidogo. Ndiyo maana nilisema inaweza kulipa.

Tatizo ni kwamba hesabu hiyo inadhani anavua joho Ijumaa na kuanza kazi Jumatatu. Nani kati yenu aliwahi kuona hilo? Weka miaka mitatu ya kuzunguka na bahasha ya kaki na kujitolea bila posho hospitalini "ili wakuzoee". Kila mwaka wa kusubiri unaongeza milioni 3 ambazo angezipata dukani. Bei inapanda hadi milioni 33, na miezi ya kuirudisha inafika 79. Msichana aliyeanza chuo na miaka 20 anamaliza na 23, anapata kazi na 26, anaanza kuona faida akiwa na miaka 32 na ushee. Na hapo sijaweka chama cha wafanyakazi, sijaweka mchango wa harusi hata mmoja, na sijahesabu kile kiwanja ambacho kingekuwa kimekaa Chanika miaka yote hiyo kikipanda bei bila kumuomba mtu kazi.

Kwa hiyo kinachoua ni kusubiri, ndugu zangu. Na kusubiri hakumtegemei mwanafunzi hata awe na akili kiasi gani. Mwaka 2016 serikali ilisitisha ajira mpya kwa ajili ya kuhakiki watumishi hewa na vyeti. Mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba watumishi zaidi ya 9,900 wamekutwa na vyeti vya kughushi. Uhakiki ulikuwa halali kabisa, mimi niliuunga mkono. Lakini waliohitimu miaka ile walilipa bei ya uchafu wa wengine. Ukiwa na taaluma yenye mwajiri mmoja mkubwa, siku mwajiri huyo akifunga mlango wewe huna mlango mwingine.

Hapa najua kuna atakayesema: kuna miradi, kuna mashirika, wanalipa vizuri kuliko serikali. Nina rafiki niliyesoma naye sekondari aliyefanya digrii hii hii. Alipata kazi kwenye mradi wa UKIMWI uliolipwa kwa fedha za Marekani. Alilipwa vizuri, akapanga nyumba nzima Tabata, akawa anasomesha wadogo zake wawili. Januari 2025 Trump alipoingia madarakani akasaini amri ya kusimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai mwaka huo huo USAID ilikuwa imefungwa. Rafiki yangu aliambiwa asiende kazini. Madaktari na wauguzi wa mradi ule walitikisika pia, lakini muuguzi ana leseni na anaweza kubisha hodi hospitali nyingine siku ya pili. Rafiki yangu alikuwa na uzoefu wa miaka sita wa kuandika ripoti za mfadhili ambaye hayupo tena. Leo ana genge la nafaka. Namheshimu sana, lakini genge halikuhitaji digrii.

Na hospitali binafsi? Kubwa zipo, na zinahitaji watu wa kusimamia madai ya bima, maana fomu ya NHIF iliyojazwa vibaya ni fedha iliyotupwa. Hapo kuna kazi ya kweli. Lakini kumbukeni Machi 2024, hospitali kadhaa binafsi zilipositisha kuwahudumia wanachama wa NHIF kwa sababu ya kitita kipya cha bei. Biashara ambayo mapato yake yanategemea bei iliyopangwa na mtu mwingine haina haraka ya kuongeza mameneja. Itampa mhasibu kazi mbili.

Kuna hoja moja tu ya upande wa pili inayonisumbua kweli, na sitaikwepa. Watu wanasema nchi inajenga hospitali na vituo kila wilaya, sheria ya bima ya afya kwa wote imepitishwa mwaka 2023, kwa hiyo watawala watahitajika. Watahitajika, ndiyo. Wanahitajika hata sasa! Niliwahi kwenda zahanati moja mkoani Pwani kuandika habari za dawa. Nilimkuta muuguzi mmoja, kina mama na watoto wamekaa kwenye benchi hadi nje kwenye mwembe, na yeye kainamia makaratasi ya mapato na matumizi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Jambo zuri mno, kwa sababu zamani zilikuwa zinaishia halmashauri. Ila fedha ikifika, lazima mtu aitolee hesabu, na mtu huyo ni yule yule anayepima watoto. Aliniambia, "Kaka, nilisomea kuzalisha wamama. Hii ya kuzalisha ripoti nimejifunzia hapa hapa."

Sasa mnaona? Kazi ipo. Wenye digrii ya kuifanya kazi hiyo wapo mtaani. Kinachokosekana ni nafasi kwenye ikama na mshahara wa kuijaza. Mahitaji ya nchi na soko la ajira ni vitu viwili tofauti, na vyuo vyetu vinatuuzia cha kwanza kwa bei ya cha pili. Kama serikali inaamini kweli katika kazi hii, iweke msimamizi mmoja kwa kila zahanati tano au sita, awe anazunguka na pikipiki, awaachie wauguzi wagonjwa wao. Siku hiyo nitafuta makala hii na kumwomba shangazi radhi. Mpaka siku hiyo, vyuo viache kumwambia mstaafu kwamba afya haikosi ajira. Chuo kinachopokea ada kiseme wahitimu wake wa miaka mitano iliyopita wako wapi leo. Swali dogo tu. Nililiuliza pale kwenye banda nikapewa kalamu na kofia.

Je, kuna anayefaa kuisoma digrii hii? Tena sana. Yupo dada mmoja muuguzi wa Dodoma aliyesoma akiwa tayari ni mtumishi, kwa ruhusa ya mwajiri, mshahara ukiendelea kuingia. Kwake ile milioni 9 ya kukosa kipato haikuwepo, miaka ya kusubiri haikuwepo, na aliporudi alikuwa na leseni ya uuguzi mkono mmoja na utawala mkono wa pili. Huyo amepiga bao. Kwa mtu wa namna hiyo, au mfamasia, au tabibu anayetaka kupanda, digrii hii ni ngazi. Kwa mtoto wa kidato cha sita ambaye hajawahi kufanya kazi siku moja, ni ngazi iliyoegemezwa hewani.

Basi kwa mdogo wangu nasema hivi, na najua ataisoma hata kama hanijibu. Una uhasibu kichwani tayari. Soma uhasibu, kisha fanya mitihani ya NBAA. Mhasibu anaajiriwa hospitali, benki, bandarini na hata kwenye kiwanda cha soda. Ukiipenda afya, nenda hospitali kama mhasibu, halafu utawala wa afya uusome ukiwa ndani, kwa fedha yako. Na kama moyo umeshikilia digrii hii hii, sawa, wewe ndiye utakayeishi nayo. Lakini omba mkopo wa Bodi. Najua si kila anayeomba anapata, na anayepata si lazima apate asilimia zote. Ila tangu mwaka 2021 ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo imefutwa. Makato ni asilimia 15 ya mshahara, na yanauma, mimi mwenyewe nakatwa kila mwezi na kila mwezi nanuna. Kwa mshahara wa 800,000 ni 120,000, unabaki na 548,000. Lakini angalia tofauti: mkopo wa Bodi unakukata mshahara ukishaupata. Kiwanja kinaondoka leo, upate kazi au usipate.

Na lile swali la shangazi, mbona mimi nilisomeshwa bila kuulizwa? Kweli. Nilisomeshwa uandishi wa habari, kazi ambayo miaka miwili ya mwanzo nililipwa kwa kila habari iliyochapwa, na isiyochapwa ni sadaka. Hakuna aliyeniuliza kama inalipa, wala mimi sikuuliza. Mama aliuza ng'ombe wawili. Wale ng'ombe sijawahi kuwarudisha. Ndiyo maana nauliza sasa, shangazi. Roho mbaya ingenyamaza, ikala pilau la sherehe ya mahafali.

Mnunuzi anakuja Jumamosi saa nne asubuhi na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Baba mdogo hajanialika, lakini nitapanda daladala ya kwanza, nimpe shikamoo yake, niweke hii karatasi ya hesabu mezani kabla hajaweka saini. Akisaini baada ya kuisoma, nitakuwa shahidi na nitamsaidia binti kubeba begi hadi chuoni. Asaini akijua tu anachonunua.

Naomba kutoa hoja. Mliosoma fani hii na mmefanikiwa, njooni mnisute, tena mje na namba. Nitazipeleka Chanika.